Piga Pasipo na Watu

Kocha wetu kila akifungua mdomo ni Willie Keeler. Mcheza besiboli mmoja Mmarekani, mfupi, kama mita 1.63 hivi, ambaye mwaka 1897 alipata hiti, yaani kuupiga mpira na kufika kituoni salama, mechi 44 mfululizo. Siri yake? Kupeleka mpira pasipo na mtu wa kuudaka. Basi na sisi vijana wa besiboli wa Cheyo, Tabora, ambao wapita njia wakituona na magongo wanadhani tunasaka mwizi, tukakaririshwa: "Piga pasipo na watu!"

Zamu yangu ikafika. Nikaangaza. Kulia wamejaa. Katikati wamejaa. Kushoto, chini ya ule mwembe mkubwa, hakuna hata wa dawa. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo.

Kwa sisi tunaopiga kwa mkono wa kulia, mpira wa kwenda kushoto lazima uuwahi, uukute ungali mbele yako. Ukichelewa kidogo tu, umekwenda kulia. Na nguvu haitoki mikononi: kiuno kinazunguka kwanza, mikono inafuata. Hapo sina wasiwasi. Mnyamwezi aliyekulia ngomani hafundishwi kiuno. Mrushaji akaniletea wa ndani, karibu kabisa na tumbo, wenyewe hasa wa kuvutia kushoto. Nikazungusha. Ko!

Jamani, ulilia vizuri! Ukapaa, ukazama kwenye majani ya mwembe, halafu tukasikia mlio wa pili: du! Mlio wa gogo lenye uwazi ndani.

Mzinga. Wa nyuki. Wenyeji wote wa kiwanja kile walikuwa wanajua, na hakuna aliyenitonya.

Kocha, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi pia, akapiga kelele, "Kimbia!" Sijui alimwambia nani, maana yeye ndiye aliyetangulia. Mimi nikakanyaga kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikapita kituo cha nyumbani, pale nilipoanzia, bila kusimama mpaka kwa mama muuza maandazi. Akanirushia khanga.

"Jifunike mwanangu, ukae hapo hapo kwenye moshi. Na hao wageni wako wasinisogelee kwenye sukari!"

Jioni, jicho langu moja likiwa limeumuka kama andazi lake, nikamfuata kocha kwake. Mdomo wa juu ulikuwa umemfunika wa chini.

"Shikamoo, kocha. Ile pointi yangu imehesabiwa?"

"Marahaba. Mpira bado uko juu ya mti. Kaulete kwanza."