Felisita Alikuwa Mama, Mchoreni Mama

Kila ikifika Machi 7, kundi letu la jumuiya hujaa picha ile ile: wanawake wawili weupe pe pe pe, nywele za dhahabu, kanzu hazina hata doa, wamekodoa macho juu kama wanapigwa picha za pasipoti. Chini yake: "Watakatifu Perpetua na Felisita, mtuombee." Mwaka huu sikuitikia.

Hao ni watu wa Karthago, Afrika ya Kaskazini, waliouawa mwaka 203 kwa sababu ya Ukristo wao. Haya, ngozi yao hakuna aliyeiona, ugomvi wa rangi nauacha. Mimi nataka maziwa.

Perpetua alikuwa na miaka 22 hivi, mwanawe bado ananyonya. Habari za gerezani aliziandika mwenyewe: giza, joto, na uchungu wa kumwona kichanga wake akidhoofika kwa njaa. Aliporuhusiwa kukaa naye, gereza likawa kwake kama ikulu. Felisita, mtumwa, alikamatwa ana mimba. Sheria ilikataza kumuua mjamzito, naye hakutaka kuachwa nyuma, basi wenzake wakamwombea; akajifungua binti humo humo gerezani, mimba ina miezi minane. Siku ya uwanjani wakavuliwa nguo na kutiwa kwenye nyavu. Umati ule, uliokuja kutazama watu wakiraruliwa na wanyama, jamani, ukashtuka: huyu, Perpetua, binti mdogo, na yule, Felisita, katoka kujifungua juzi tu, matiti yanachuruzika maziwa. Ikabidi warudishwe wakavikwe.

Wapagani waliyaona maziwa. Sisi tumeyafuta. Mtakatifu Agata, aliyekatwa matiti, tunamchora kayabeba kwenye sinia, na Mtakatifu Lusia kabeba macho yake, na hakuna anayeona haya. Ya Felisita, yanayonyonyesha, ndiyo yanatutia aibu?

Hata kule Ravenna, Italia, kwenye mosaiki (picha za vipande vidogo vya mawe na vioo) za karne ya 6 za kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, wamepangwa katika msafara wa mabikira 22. Mama za watu! Nakubali kwa shingo upande kwamba pale mtumwa kavaa dhahabu na kushika taji sawasawa na Perpetua, binti wa ukoo mkubwa. Hapo fundi alipatia.

Ila nyie mnaotengeneza picha kwenye simu usiku wa Machi 6, yule binti wa Felisita alichukuliwa na dada mmoja Mkristo akamlea kama wake. Mchoreni basi na yeye. Nafasi ikiwa finyu, punguzeni malaika.