Simu zisizo na waya ofisini: sauti ipewe njia yake, au ichangie Wi-Fi?

Ofisi ikiitisha kotesheni za kubadilisha mtambo wake wa simu, wazabuni hugawanyika pande mbili. Upande mmoja unaleta simu za DECT, yaani mikonga isiyo na waya inayowasiliana na vituo vyake vidogo vya redio vilivyofungwa ukutani au darini. Upande wa pili unasema: Wi-Fi mnayo, kila mfanyakazi ana simu janja mfukoni, basi wekeni programu ya kupigia simu, kila mtu apewe eksitensheni yake, yaani namba yake ya ndani ya ofisi, kazi imekwisha. Kotesheni ya pili karibu kila mara ndiyo nyepesi kwa bei. Nadhani wengi wanaoichagua kwa wepesi huo peke yake hulipa tofauti baadaye, tena kwa mafungu madogo madogo ambayo hakuna anayeyajumlisha. Lakini si wote, na kwa baadhi ya ofisi DECT ni pesa iliyotupwa.

Tuanze na DECT, maana ndiyo inayodharauliwa. Ni teknolojia ya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliyosanifiwa na ETSI, taasisi ya Ulaya inayoshughulikia viwango vya mawasiliano, na umri huo ndio unaowafanya vijana wa TEHAMA waitazame kwa jicho la pembeni. Hata hivyo ilibuniwa kwanza kabisa kwa ajili ya sauti. Ulaya, na katika nchi nyingi zilizofuata mpango wa Ulaya, imetengewa masafa yake kati ya MHz 1880 na 1900. Humo mna mikondo 10 ya redio, na kila mkondo umekatwa vipande vya muda 24: 12 vya kwenda na 12 vya kurudi. Simu ikishaunganishwa, kipande chake ni chake mpaka mtu akate, na kompyuta inayopakua video ofisi ya jirani haina pa kukiingilia. Ni kama njia ya mwendokasi katika Barabara ya Morogoro: basi likishaingia humo halijali foleni ya daladala ya pembeni imefika wapi.

Wi-Fi ni ile foleni ya pembeni. Simu ya sauti yenyewe haina uzito. Kwa usimbaji wa G.711, yaani namna ya kugeuza sauti kuwa data ambayo mitambo mingi huitumia, haizidi kilobiti 100 hivi kwa sekunde kila upande. Kwa hiyo mtu wa mauzo anaposema “intaneti yenu ina megabiti 50, inatosha na kubaki” anasema kweli, ila anajibu swali ambalo halikuulizwa. Sauti inachotaka ni kufika kwa wakati. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende bila watu kukatizana. Sasa katika Wi-Fi kila kifaa husikiliza kwanza kama hewa iko wazi, kikikuta kuna anayesema husubiri, kisha hujaribu tena. Barua pepe haijali kusubiri huko. Mteja aliyepiga kuulizia mzigo wake anasikia maneno yakikatikakatika, na anajua tu kwamba ofisi yenu haisikiki.

Kuna dawa, na watetezi wa Wi-Fi wana haki ya kuitaja. Tangu 2005 upo utaratibu wa kuipa sauti kipaumbele, na visambaza Wi-Fi vyote vya maana vinao. Upo pia utaratibu wa 2008, wa 802.11r, unaomwezesha mtu kuhama kutoka kisambaza kimoja kwenda kingine bila mazungumzo kukatika. Mkitumia GHz 5 badala ya GHz 2.4 mnakwepa msongamano mwingi, pamoja na ile maikrowevu ya jikoni ambayo kila saa saba mchana huvuruga mtandao wa ghorofa nzima wakati watu wanapasha moto wali. Wi-Fi iliyosanifiwa hivyo hubeba sauti vizuri sana. Shida ni kwamba Wi-Fi ya ofisi zetu nyingi haikusanifiwa hivyo. Ilifungwa ili watu wafungue barua pepe: kisambaza kimoja koridoni, kingine karibu na chumba cha bosi. Kwa sauti, mafundi hulenga mawimbi yasishuke chini ya dBm −67 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi) popote mtu anapoweza kusimama na simu, ikiwa ni pamoja na ngazini na stoo. Kufika hapo mara nyingi kunadai visambaza zaidi, nyaya zaidi na swichi za mtandao kubwa zaidi, na hivyo vyote havikuwamo kwenye kotesheni nyepesi. Hapo ndipo urahisi wake unapoyeyuka.

DECT nayo ina maudhi yake, na muuzaji wake hatayataja. Kituo kimoja cha ofisini hubeba mazungumzo machache kwa wakati mmoja, na ndani ya jengo husikika kama mita 50, pengine pungufu. Jengo kubwa linahitaji vituo vingi, na vituo vingi lazima vifuate saa ileile. Katika mifumo mingi hupatana saa hiyo kwa kusikilizana hewani, kila kimoja kikimsikia mwenzake kama mnyororo. Zege la sakafu likikata mnyororo huo kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, simu inakatika mtu akiwa ngazini, na fundi asiyejua atabadilisha mkonga, atabadilisha betri, atalaumu mtambo, kumbe kituo kilitakiwa kisogezwe mita chache tu. Halafu kuna kufungwa kwa muuzaji mmoja. Upo mwafaka uitwao GAP unaowezesha mkonga wa kampuni moja kupiga na kupokea kupitia kituo cha kampuni nyingine, lakini kitabu cha majina, kuhamisha simu na hata kuhama kati ya vituo vinaweza visifanye kazi. Ukianza na chapa moja, utaendelea nayo miaka mingi. Na betri: chagua mikonga inayotumia betri za AAA za kuchajiwa, ambazo dukani hazikosekani. Betri za umbo maalumu zikichoka huna budi kuagiza, na mkonga unalala droo. (Onyo kwa wahudumu wa ofisi: betri za kawaida za rimoti hazichajiwi. Ukiziweka kwenye chaja zinaweza kuvuja.)

Jengo lenyewe lina kauli kubwa kuliko brosha yoyote. Chukua hoteli ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingine unene wake unapita dhiraa moja. Hapo si DECT wala Wi-Fi inayovuka kuta tatu, na GHz 5 inaathirika zaidi kuliko masafa ya chini. Ramani ya mauzo yenye miduara mizuri ya rangi haina maana yoyote. Mtu lazima atembee na kifaa mkononi, chumba kwa chumba, milango ikiwa imefungwa kama inavyofungwa usiku. Ghala la bandarini lina tatizo jingine: rafu za chuma na makontena yanayorudisha mawimbi huku na huku, na mpangilio unaobadilika kila meli ikishusha. Ofisi ya kisasa yenye kuta za jasi na vioo haina shida hizi, na hapo naona Wi-Fi inastahili kupewa nafasi ya kwanza.

Jambo jingine ambalo ofisi ndogo hujikwaa nalo ni simu za kuletewa. Ndugu yuko Marekani, ameona simu nzuri zisizo na waya kwa bei ya kutupa, anazituma na mzigo. Boksi limeandikwa DECT 6.0. Ukisoma utadhani ni toleo la sita, jipya kuliko letu. Si hivyo, ni DECT ya soko la Marekani, nayo inatumia MHz 1920 hadi 1930. Huku kwetu masafa hayo yamo ndani ya MHz 1920 hadi 1980, ambayo simu za mkononi za 3G hutumia kupeleka mawimbi mnarani. Kwa hiyo simu ile inaweza kufanya kazi vizuri kabisa ofisini kwako huku ikiupigia kelele mnara wa jirani, na kampuni ya simu ikifuatilia chanzo cha kelele itafika mlangoni pako. Mamlaka za mawasiliano za Tanzania (TCRA) na Kenya hutaka vifaa vya redio viwe vya aina iliyoidhinishwa. Na chaja yake huenda ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu, hata hiyo kelele hutaisikia.

Kuhusu umeme, hoja zinagawanyika kwa namna isiyotarajiwa. DECT haitumii nguvu nyingi: vituo hula wati chache tu, hupewa umeme kupitia waya uleule wa mtandao, na UPS, yaani betri ya akiba, ya wastani inaweza kuvibeba pamoja na mtambo kwa muda mzuri. Lakini UPS isipokuwepo, umeme ukikatika simu zote hufa kwa pamoja. Programu kwenye simu janja ina faida ambayo watetezi wa DECT hawapendi kuikubali: umeme ukienda, simu ina betri yake, inahamia kwenye bando, na kama mtambo umewekwa kwenye seva ya nje, ofisi inaendelea kujibu wateja huku taa zimezimwa. Kwa mji wenye mgao hilo si jambo dogo. Kama mtambo uko chumba cha nyuma na hauna UPS, faida hiyo haipo. Kabla ya kujadili chapa ya mkonga, basi, fuata waya kutoka kwenye mtambo hadi kila swichi na uone kila moja imechomekwa wapi. Mara nyingi utakuta ya ghorofa ya juu imechomekwa soketi moja na birika la chai.

Lakini hoja ambayo kwangu ina uzito kuliko zote haihusu mawimbi hata kidogo. Katika miji yetu mshindani halisi wa simu ya ofisi ni namba binafsi ya mfanyakazi. Wateja wamezoea kupiga namba ya Mama Fulani wa mauzo, kumtumia picha ya risiti WhatsApp, kumpigia Jumapili. Akiacha kazi, anaondoka na wateja, mazungumzo na historia yote, wala hakuiba kitu. Namba ni yake. Ofisi inayowapa wafanyakazi wanaozunguka nje mikonga ya DECT isiyotoka nje ya geti inawasukuma warudi kwenye namba zao wenyewe. Hapo programu inashinda bila ubishi: mfanyakazi yuko Kariakoo au Eastleigh, anapiga kupitia eksitensheni yake, mteja anaona namba ya kampuni, na mtu akiondoka eksitensheni inahamishiwa mwingine asubuhi ileile. Kwa upande mwingine, kumlazimisha mhudumu wa mapokezi au muuguzi wa zamu atumie simu yake binafsi, betri yake na bando lake kwa kazi ya mwajiri ni kubana matumizi kwa mfuko wa mtu mwingine. Tena simu hiyo inaita meseji za familia katikati ya maelezo ya mgonjwa.

Usalama nao hutajwa sana na kila upande dhidi ya mwenzake. Mwishoni mwa 2008 watafiti walionyesha mjini Berlin kwamba mazungumzo ya simu nyingi za DECT yangeweza kunaswa kwa kadi ya bei nafuu, kwa kuwa mengi hayakuwa yamefichwa kabisa. Vifaa vya leo ni bora, ila mikonga ya zama zile bado ipo kazini, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuistaafisha. Upande wa programu, hatari ya kila siku ni ya kawaida zaidi: eksitensheni 101 yenye nywila 101, mtambo ulioachwa wazi kwenye intaneti, na bili ya simu za nje ya nchi zilizopigwa na wadukuzi usiku wa kuamkia Jumatatu.

Kwa hiyo ningeuliza kwanza nani anatembea, na anatembea wapi. Anayezunguka ndani ya jengo moja siku nzima na hawezi kukosa simu, kama mhudumu wa hoteli, muuguzi, mtu wa ghala au mlinzi, apewe DECT. Anayetoka apewe programu, pamoja na bando la kampuni. Mhasibu asiyeinuka kitini abaki na simu ya mezani yenye waya, ambayo haijawahi kuomba chaji. Mtambo mmoja wa SIP, yaani utaratibu wa kupitisha simu kwenye mtandao wa data, unabeba wote watatu bila shida, na hata PABX ya zamani, yaani mtambo wa simu wa ndani ya ofisi, inaweza kuunganishwa nao kwa kifaa cha kati ili kuhama kufanyike idara kwa idara badala ya usiku mmoja. Ofisi ya watu wanane katika sakafu moja iachane na DECT, iboreshe Wi-Fi yake.

Na mkataba wowote mtakaosaini, fungu la mwisho la malipo lisitoke siku ya kufunga vifaa. Litoke baada ya jaribio la kutembea, saa za kazi, mwisho wa mwezi wakati ofisi imejaa, fundi na mtu wenu wakiongea kwenye simu kutoka getini hadi stoo, wakipita ngazini.