Majengo ya Katikati ya Jiji la Tanga: Yabomolewe au Yabaki?

Tanga ina bahati ambayo haikupangwa na mtu. Kati ya reli na bandari bado yamesimama majengo ya aina ambayo Dar es Salaam imekwisha kuyapoteza kwa wingi: ofisi za enzi ya Wajerumani zenye kuta nene na veranda pana, na maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi yenye roshani za mbao, baadhi yake yakiwa bado na jina la mwenyewe na mwaka wa ujenzi juu ya mlango. Wako wanaotaka majengo hayo yahifadhiwe, na wako wanaoona kuwa viwanja vya thamani vimekaliwa na magofu ilhali jiji linahitaji maduka, ofisi na nyumba za kupanga. Pande zote mbili zina hoja nzito, ila aghalabu hazijiulizi kwa nini majengo hayo yapo mpaka leo.

Jibu ni mkonge. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia Tanga mwaka 1893, mwaka uleule ambao Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliingiza miche ya mkonge kutoka Florida, na kwa miongo saba iliyofuata mji ulikula na kujenga kwa fedha ya katani. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani. Kisha nyuzi za viwandani zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na uzalishaji ukaporomoka. Mji usio na fedha haujengi, na usipojenga haubomoi. Kilichoyalinda majengo ya Tanga, basi, ni ukata, na sasa ukata huo unaanza kulegea: bandari imeongezwa kina, na bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, kaskazini kidogo ya jiji.

Hoja ya wanaotaka kubomoa si ya tamaa tupu, kama inavyodaiwa mara nyingi. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Lengo lilikuwa kuvunja unyonyaji wa wenye nyumba, lakini hatua hiyo ilitenganisha jengo na mtu aliyekuwa na sababu ya kulitunza. Mpangaji hatengenezi paa lisilo lake, na kodi ndogo haitoshi kununua hata rangi. Matokeo yanaonekana kwa jicho katika miji yote ya pwani. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapoanza kubanduka, fundi wa bei nafuu huusiliba kwa saruji. Saruji huzuia unyevu usitoke, chumvi hujikusanya ndani, chokaa hugeuka unga, na baada ya miaka michache tabaka zima hudondoka pamoja na kipande cha ukuta. Mwenye duka chini ya roshani ya namna hiyo ana haki ya kuuliza kama historia ina thamani kuliko kichwa chake.

Sheria nayo haimsaidii mhifadhi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 tu. Kwa kipimo hicho magofu ya Tongoni, kusini mwa Tanga, yenye msikiti na makaburi ya karne nyingi, yako salama kisheria, lakini mitaa ya katikati ya jiji, ambayo yote ni ya baada ya hapo, hubaki bila kinga hadi waziri atoe tangazo.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake. Mwezi Novemba 1914 kikosi cha Waingereza cha watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka India, kiliteremka Tanga na kushindwa na askari wapatao 1,000 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walioletwa kwa reli kutoka bara. Wageni hupenda kisa cha nyuki walioshambulia majeshi katika vita hivyo, na kinawafaa watembeza watalii. Kwangu, hata hivyo, kumbukumbu kubwa zaidi ni shule ya serikali iliyofunguliwa na Wajerumani katika miaka ya 1890, ambako lilichapwa gazeti la Kiswahili la Kiongozi. Ni kweli kwamba shule hiyo iliandaa makarani na maakida wa kuitumikia dola ya kikoloni, na anayesema kuwa hatuna deni la kutunza kuta za mtawala hasemi upuuzi. Lakini waliosoma na kuandika humo walikuwa watu wa hapa, na mawe yenyewe yalibebwa na mikono ya hapa.

Ninachokilaumu kwa wahifadhi ni ufinyu wa macho. Huorodhesha boma la Mjerumani, ambalo sasa lina makumbusho, wakavuka mnara wa saa na bustani ya ufukweni, kisha wakaishia relini. Ng'ambo ya reli iko Ngamiani, yenye barabara za namba na nyumba za Kiswahili zenye baraza. Katika mji huo wa waliowekwa nje ya mtaa wa Wazungu ndiko yalikotoka maisha yaliyoipa Tanga sifa: taarabu ya Black Star, dansi la Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Hifadhi inayoiacha Ngamiani itakuwa imeurudia ule mpaka wa kikoloni.

Wala orodha peke yake haishikilii paa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo na kuua watu.

Kwa hiyo naegemea upande wa kuhifadhi, lakini kwa masharti. Jengo ambalo mhandisi amethibitisha kuwa halitengenezeki libomolewe baada ya kupimwa na kupigwa picha, na litakalojengwa mahali pake lifuate kimo cha mtaa na kurudisha baraza ya mbele. Yaliyobaki yatengewe sehemu ya kodi yao wenyewe, mfuko usioguswa kwa kazi nyingine, paa likitangulia, kisha mifereji ya maji ya mvua, na rangi mwisho. Tangazo la waziri litaje mitaa mizima, ya pande zote mbili za reli, na litoke kabla vibali vya ghorofa havijaanza kutolewa kimoja kimoja.