Nani hasa ni mwasi?

Mtu anayegoma kumsikiliza mkubwa ana majina kibao kwenye Kiswahili. Mtoto ni mkaidi, tunamtisha na asiyesikia la mkuu huvunjika guu na yanaishia hapo, mfanyakazi anagoma, mbunge anayempinga kiongozi wake anaitwa mbishi. Ila ukishamwita mtu mwasi ndo umeshamhukumu kabla hajafungua mdomo, maana neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu na dhambi yake mgongoni, ndugu yake ni maasi, yale ya kumkosea Mungu.

Sasa wapo wanaosema hili ni neno la watawala tu, na wana hoja. Wajerumani waliita uasi kilichotokea kusini mwa Tanganyika 1905 mpaka 1907, sisi shuleni tumesoma Vita vya Maji Maji, watu walewale na risasi zilezile lakini jina tofauti kabisa. Kenya nako ilipata uhuru 1963 ila marufuku ya mkoloni dhidi ya Mau Mau ikaja kuondolewa 2003, yaani miaka 40 serikali ya Waafrika wenyewe inawaacha wazee wale kwenye kundi la wahalifu kisheria, halafu 2007 Dedan Kimathi, kiongozi wao, anajengewa sanamu katikati ya Nairobi.

Lakini tukilitupa neno tutaita nini yale ya Januari 1964? Wanajeshi wa Tanganyika Rifles pale kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao Waingereza wakidai mishahara na vyeo kwa Waafrika, yakaenea mpaka Tabora, na Nyerere akalazimika kuwaomba Waingereza haohao waje kuyazima. Madai yao mengi yalikuwa ya haki kabisa, mi sibishi. Ila mtu mwenye bunduki ya serikali akiigeuzia serikali, huo ni uasi, hata kama mshahara wake ni mdogo kiasi gani.

Kwa hiyo naona swali la kuuliza ni hili, huyu alimwahidi nani utii? Wamatumbi waliong'oa pamba hawakumwapia Kaiser, mfalme wa Wajerumani, chochote, walilazimishwa, sasa wameasi nini? Askari wa Colito walikuwa na kiapo. (Kwa kipimo hiki "kuasi ukapera" ya kwenye kadi za harusi haipiti, hakuna aliyewahi kula kiapo cha ukapera, ila hiyo tuwaachie MC.)

Kipimo chenyewe kinakwama kidogo ukifika Kongo. Wapiganaji wa M23 wamechukua jina kwenye makubaliano ya Machi 23, 2009, yaliyowaingiza wapiganaji wa CNDP, kundi lao la mwanzo, kwenye jeshi la taifa, na 2012 wakajitoa wakisema serikali haijatimiza yake. Kwa maana ya kiapo ni waasi bila ubishi na redio zinazowaita hivyo haziwaonei. Ila wao wanakwambia mkataba una pande mbili, aliyeuvunja kwanza ni Kinshasa, na hapo ndo kwenye utata kwelikweli, kwa sababu kila mwenye bunduki anaweza kuja na hadithi hiyohiyo. Mi bado nawaita waasi, hata baada ya kuichukua Goma Januari 2025 na kuanza kuteua viongozi wao, maana kuvunjiwa ahadi kunakupa haki ya kulalamika na hata kuacha kazi, sio ya kuondoka na silaha ulizokabidhiwa.