Bunduki Ndani ya Friza la Migebuka

Mjomba wangu ana bunduki ya kuwindia, .30-06, ya kiwandani, leseni halali, mti wake, yaani ule mwili wa mbao unaobeba chuma, umeng'arishwa mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Ila ukipiga mita 100, risasi zinatawanyika kama kuku walioona kicheche. Bunduki ya aina ile ikitulia, risasi tatu hukaa ndani ya sentimita 4 au 5. Zake zilihitaji sinia la pilau.

Wawindaji wenzake wa Sikonge wakamwambia tatizo ni mtutu kugusa mbao. Bunduki ikilia, mtutu hutetemeka, na ukigusa mti mtetemo unavurugika. Isitoshe, mbao zikinywa unyevu wa masika huvimba na kuusukuma mtutu pembeni. Kipimo chake ni karatasi: ipitishe kati ya mtutu na mti, iteleze hadi mwisho. Mjomba, kwa majivuno, akachomoa noti ya elfu moja. Ikakwama katikati. Alipoivuta, Mwalimu Nyerere wa kwenye noti akabaki nusu mkononi, nusu ndani ya bunduki.

Msasa ukamaliza hilo. Angeishia hapo tungelala salama, lakini akasikia pia habari ya gundi, ile ya mirija miwili unayochanganya. Unaitandika pale chuma kinapolalia mti, ikikauka chuma hakichezi tena. Sharti moja tu: chuma ukipake nta kwanza, gundi isikishike. Na nta, jamani, ndani ya Tabora! Mkoa wa asali huu, nta imejaa.

Akapaka. Chini ya bunduki kuna kiulimi cha chuma kinachopokea teke la risasi. Hicho akakiruka.

"Mjomba, na hapo?"

"Wewe umewahi kuwinda nini zaidi ya mende?"

Nikanyamaza. Asubuhi skrubu zikatoka vizuri, chuma kikagoma. Tulivuta, tukagonga kwa nyundo ya mpira, jirani akaleta maoni, hakuna. Seremala mmoja ndiye aliyesema tutumie baridi: gundi na chuma havijikunyati sawasawa, vitaachana vyenyewe.

Friza kubwa tulilolijua lilikuwa la mama mdogo, Isevya, anakouza migebuka inayokuja na treni kutoka Kigoma, pamoja na barafu za ubuyu. Alikubali kwa sharti la kusogeza samaki pembeni sisi wenyewe.

Silaha yenye leseni haiachwi ovyo, kwa hiyo mjomba akaweka kiti mbele ya friza, bolti, kile chuma ambacho bila hicho bunduki haifyatuki, kaiweka mfukoni mwa koti, akawa mlinzi. Kila mteja akifika, anasimama yeye, anafungua kidogo, anatoa samaki kwa mkono wa kushoto huku mwili umeziba. Bibi mmoja mnunuzi wa siku zote akachungulia chini ya kwapa lake.

"Mwangaluka, mwanangu. Migebuka siku hizi mnaipiga risasi?"

Jioni umeme ukakatika. Mjomba akalifunika friza kwa mablanketi yote ya nyumba, likiwemo la mama mdogo, aliyelala na khanga akimlaani kwa Kinyamwezi fasaha. Umeme ukarudi usiku. Karibu na alfajiri, ndani ya friza kukalia: TAH!

Mjomba alikuwa chini ya meza kabla sijafumbua macho. "Imefyatuka! Laleni chini!"

"Bolti iko mfukoni mwako, kaka," mama mdogo akasema kutoka chumbani, bila hata kuinuka.

Mti ulikuwa umeachia. Gundi imekaa safi, nafikiri kazi ile hata kiwanda kingeionea wivu, ukiacha harufu ya samaki. Mama mdogo akaibeba bunduki aweze kurudisha migebuka yake, akatikisa kidogo, akakunja uso.

"Kaka, hii darubini ya kulengea mbona inacheza?"

Skrubu za darubini zilikuwa zinazungushika kwa kucha. Akafuata bisibisi ya cherehani yake, akazikaza, akarudi kwenye samaki.

Kwenye shabaha, risasi tatu zikaingia ndani ya sanduku la kiberiti. Sasa kila mgeni akifika lazima asikie habari za gundi, kuanzia mrija wa kwanza hadi wa pili. Juzi alikuwa anamweleza mkwe, kafika penye siri ya nta, sauti ikatoka jikoni:

"Na bisibisi yangu uirudishe!"