Hilton Smith na vipindi sita ambavyo mabango hayakuvitaja

Zinapotajwa ligi za besiboli za Weusi nchini Marekani, jina la mrushaji mpira Satchel Paige ndilo hutangulia, na si kwa upendeleo, maana alikuwa hodari kweli. Hata hivyo, naona kwamba anayetaka kuelewa jinsi ubaguzi wa rangi ulivyompunja mchezaji angeanza na Hilton Smith, mrushaji mpira wa Kansas City Monarchs tangu 1936 hadi 1948.

Monarchs hawakuweza kujikimu kwa mechi za ligi pekee. Walisafiri kwa basi mji hadi mji, wakicheza mechi za maonyesho na timu yoyote iliyokubali kugawana nao mapato ya kiingilio, na kilichojaza viwanja ni jina la Paige, mwenzake Smith katika timu hiyo, kwenye mabango. Basi mara nyingi Paige alirusha vipindi vitatu vya mwanzo ili watazamaji waridhike kuwa wamemwona, kisha Smith akaingia kumalizia sita vilivyobaki. Hakuwa mrushaji wa akiba, kwani mwaka 1937 aliwanyima Chicago American Giants hata pigo moja halali katika mechi nzima, na kuanzia mwaka huo hadi 1942 alicheza mfululizo katika mechi ya nyota wa Mashariki na Magharibi.

Alimpendekeza Jackie Robinson kwa J. L. Wilkinson, mmiliki wa Monarchs, lakini Robinson alipovunja mwiko wa kuwazuia Weusi kucheza Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani (MLB), alipojiunga na timu ya Brooklyn mwaka 1947, Smith alikwisha kutimiza miaka 40. Paige aliingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli la Cooperstown mwaka 1971. Smith aliingizwa 2001, ilhali alifariki 1983.

Ligi Kuu ilitangaza mwaka 2020 kuwa ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 zina hadhi sawa nayo, na mwaka 2024 ikaunganisha takwimu zake na zao. Naunga mkono hatua hiyo, ingawa ilichelewa mno. Lakini zinazohesabiwa ni mechi za ligi tu, wakati zile za safarini, ambamo Smith alimaliza kazi iliyoanzwa na mwenzake, zimeachwa nje, kana kwamba timu ilizicheza kwa kujifurahisha na si kwa sababu mlango wa Ligi Kuu ulikuwa umefungwa. Sidai kwamba ziongezwe katika jumla, kwa kuwa rekodi za mechi hizo zina mapengo. Nadai kwamba kila jedwali la takwimu za Smith liseme waziwazi kile ambacho halikuhesabu.