Sindano na Mkasi Ukutani mwa Bakteria

Heroe wa Ziwa Nakuru huchuja Arthrospira, bakteria wa kijani-buluu waliojisokota kama springi. Maelezo yaliyozoeleka darasani kuhusu maumbo ya namna hii ni mepesi: maji huingia, seli hufura, ukuta hutanuka na kuilinda. Hapo ukuta umefanywa gamba tu, ilhali ushonaji wake ndio unaotoa umbo.

Shinikizo si la kudharauliwa. Ndani ya bakteria Staphylococcus aureus hukadiriwa kufikia angahewa 20 hivi, karibu mara kumi ya upepo wa tairi la gari dogo. Tena zipo seli zilizopoteza ukuta, maumbo-L, ambazo huzaana mradi mchuzi wa kuzikuzia una sukari au chumvi ya kuzizuia zisipasuke. Huzaana, ila hazina umbo maalumu.

Chemsha soseji uone: hupasuka kwa urefu, kwa kuwa katika kitu cha umbo la bomba mkazo wa kuzunguka kiuno ni maradufu ya ule wa kwenda urefuni. Kwa hesabu hiyo Escherichia coli (E. coli), bakteria wa utumbo mwenye umbo la kijiti, angenenepa kwanza. Hanenepi. Hurefuka, unene ukibaki ule ule. Peptidoglikani yake, yaani kitambaa cha ukuta, imeshonwa kwa minyororo ya sukari inayozunguka kiuno kama pete za pipa, huku peptidi fupi zinazonyumbuka zikiiunganisha. Protini ya MreB huongoza ushonaji huo. Izime kwa kemikali A22, au uzuie PBP2, kimeng'enya cha kushona ubavuni, kwa antibiotiki mesilinamu, kijiti huwa mviringo. Zuia PBP3, kimeng'enya cha kushona pale seli inapogawanyika, kwa antibiotiki sefaleksini, hurefuka kama uzi bila kugawanyika. Ukutani ndiko kulikoguswa, si kwenye shinikizo.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2014 lataka kutazamwa polepole. E. coli walimiminiwa ghafla sorbitoli nyingi, aina ya sukari inayovuta maji. Maji yakawatoka, wakanywea, kurefuka kukazorota. Waliporudishwa kwenye mchuzi wa awali walifyatuka mara moja hadi karibu urefu ambao wangefikia kama wasingeguswa. Kumbe kitambaa kilikuwa kikishonwa muda wote, kikisubiri kunyooshwa! Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni, ni tofauti: maji yakimjaa ghafla, utando wa seli ulio chini ya ukuta hukazika na ushonaji hupungua. Hapo watetezi wa shinikizo wana haki yao.

Lakini mshono mpya hauingii bila wa zamani kukatwa. Penisilini huzuia sindano, yaani vimeng'enya vinavyoshona, huku mkasi, vimeng'enya vinavyokata, ukiendelea kukata. Ndiyo maana huua bakteria anayekua na kumwacha aliyelala. Mikoplazma, bakteria wa homa ya mapafu ya ng'ombe, hana ukuta kabisa, na penisilini haimgusi.